Mkunga Aliyefuga Magonjwa Yetu

Siku subira yangu ilipokatika, mwanangu hakulia.

Nilikuwa nimemkalisha Shabani kizingitini penye mwanga, nimeshika sindano na nusu ya ndimu, nikamwambia, "Lete mguu." Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mwezi mmoja nyuma, akiiona sindano tu alipiga yowe mpaka watu wa kisimani wakauliza kuna nini. Asubuhi ile alinipa mguu mwenyewe. Aliulaza mapajani mwangu, akageuza uso akatazama njia, nami nikachokoa funza wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, pamoja na vifuko vyao vya mayai, na mtoto hakusema hata "aah". Nilipomaliza mguu wa kulia akauondoa, akanipa wa kushoto.

Amezoea kutobolewa kama wengine wanavyozoea kunawa uso.

Sindano sijui niliitupa wapi. Nilitoka na kanga moja, kichwa wazi, nikavuka kichochoro kinachotutenga na nyumba ya Mkunga, nikasimama mbele ya ua wake wa makuti. Sikumwamkia. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo watu walilolishika. Mengine yote waliyasahau. Nilipiga kelele: "Toka nje! Toka uone unachotufugia! Watoto wetu wanaliwa miguu, wewe unalea mbuzi!"

Alitoka haraka kuliko nilivyotegemea, mwanambuzi kwapani, mkono mwingine unafunga kanga kiunoni. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mke mwenzangu, mbona mapema? Nani ameshikwa na uchungu?"

Alidhani nimekuja kumwita kuzalisha. Nami nikamwita mchafu. Nilisema, "Wewe ni mzee mchafu," mbele ya wanawake watatu wenye ndoo kichwani. Mmoja wao alisema, "Astaghfirullahi," na mwingine akatua ndoo ili asikie vizuri.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Yule ndiye aliyekupokea duniani," aliniambia. "Kitovu chako alikikata yeye. Darasa la kumi ndiko mlikofundishwa hayo?"

Nilimpita nikaingia ndani. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka hata sasa ninapoandika, lakini hasira haijanitoka, na kwa kuwa watu wengi wanalisimulia jambo hili kana kwamba msichana aliyesoma alimtukana mzee wa watu bila sababu, basi na mimi niseme nilivyomjua mzee huyo.

Kwanza, hakuwa mchafu. Nilisema uongo. Kwenye kazi yake sikumwona mtu msafi kumzidi. Akiitwa kwenye uzazi aliingia chumbani akasimama, akanusa, na kama sakafu haikufagiwa alisema, "Mtoto haji mahali hapa," kisha akakaa nje mpaka wafagie. Kucha zake alizikata kwa wembe kila Ijumaa. Maji yachemke. Uzi uchemke. Mwanamume mmoja wa kwetu alimletea wembe aliokwisha nyolea ndevu, akamrudishia na kumwambia, "Huu kanyolee tena, hapa anakuja mgeni."

Nilipokuwa mdogo, kabla sijapelekwa shule ya bweni, alikuwa na paka watatu, mbuzi mmoja na kuku wa kuhesabika. Nasema wa kuhesabika, lakini yeye hakuwahesabu. "Ukivihesabu viumbe unavipunguza," alisema. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kwake jioni kutazama anavyowalisha. Kila mmoja alikuwa na kifuu chake. Paka mmoja alikuwa hali mpaka mwenzake ashibe, na Mkunga alilijua hilo, akamwekea chake nyuma ya kinu. Niliwahi kumwona anasimama katikati ya njia, anatoka mazikoni na watu wazima wenzake, akashika kiuno na kusema, "Kuna mmoja hajala." Akarudi nyumbani. Na kweli, kuku mmoja alikuwa amefungiwa kwenye tenga.

Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, na sikuifundishwa shuleni. Watu wanabishana ni mbuzi wangapi ni wengi, paka wangapi ni wazimu. Kufuga ni kujua nani hajala. Siku ulipoacha kujua, hufugi tena, hata kama unao wawili.

Sasa niseme walivyofika kwake, maana hakununua hata mmoja.

Kwetu mtu akiugua ugonjwa usiosikia dawa, fundi humzingua. Analeta kuku, au mbuzi kama ugonjwa ni mkubwa, anamzungusha mgonjwa mara saba huku akisoma anayoyajua yeye, na ugonjwa unamwingia mnyama. Mnyama huyo haliwi tena. Hauzwi. Harudi nyumbani alikotoka, kwa sababu akirudi anarudi na alichobeba. Zamani, wazee wanasema, walikuwa wanampeleka porini na kumwacha. Lakini pori la karibu likalimwa mikorosho, na kwenye mikorosho ya mtu huwezi kuachia ugonjwa wako. Ndipo mtu mmoja, wala hakuna anayekubali kuwa ni yeye, akafikiri: Mkunga anashika damu za uzazi kila siku na hazimdhuru. Ana mkono mzito. Akamfunga mbuzi wake kwenye ua wa Mkunga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi. Unafunga, unabisha mara moja, unaondoka bila kugeuka. Sikumsikia hata mmoja aliyeuliza, "Bibi, una nafasi?"

Nilimuuliza mara moja kwa nini asiwakatae. Nilikuwa nimerudi likizo, najiona najua kila kitu. Alinitazama kwa huruma.

"Mke mwenzangu, mimi tangu nianze kazi hii sijasikia mlango unabishwa nikabaki nimelala. Nitajuaje safari hii ni mbuzi?"

"Si unachungulia."

"Nikichungulia nitakuwa nimeshaamka. Na nikishaamka nitamwacha nje amefungwa?"

Wote aliwapa majina ya magonjwa yao. Hakufanya kwa mzaha. Alisema ndivyo ajue nani ana nini. Palikuwa na Kichomi, jogoo mwekundu. Palikuwa na Pumu, na Safura, mbuzi jike aliyezaa mapacha kila mwaka. Jioni ukikaa barazani kwetu ulisikia: "Pumu! Wewe Pumu, toka kwenye unga! Kichomi, mwache mwenzio!" Siku moja mchuuzi wa kanga kutoka Dar es Salaam alikuwa ametandaza mzigo wake uani kwetu, mama mkwe anapatana bei, mara Mkunga akauliza kwa sauti kutoka ng'ambo ya kichochoro, "Jamani, Ndui amelala kwenu leo?"

"Hapana, bibi," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa. "Labda kwa Jumbe. Jana nilimwona anaelekea huko."

Mchuuzi alikusanya kanga zake zote, hata ile aliyokuwa ameishika mama mkwe, akashika njia bila kuaga. Mkunga alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka. Hilo nalo watu wanalisahau.

Kosa letu ni hili, na nadhani hakuna watu wengine ambao wangelifanya: tuliupa ugonjwa miguu minne tukasahau kwamba una tumbo. Mayai ya kuku wa zinguo hayaliwi, wala huwezi kuyavunja, nani anajua kitakachotoka. Basi yaliatamiwa yote. Mbuzi hawakuchinjwa, basi walizaana. Mwaka ule tulipogawiwa vikombe vya kuvikwa taji kwa Malkia, hatukuweza tena kuona mlango wake tukiwa njiani. Yeye mwenyewe, katikati ya kuku wote wale, alikuwa anakula ugali na kisamvu. Sikukuu akiletewa mnofu wa nyama kutoka nyumba ya mtu alikula kwa shukrani, na mbuzi wakimtazama dirishani.

Likazuka swali: mtoto wa mbuzi wa zinguo, naye ana ugonjwa? Kama hana, si achinjwe? Wazee walikwenda kumuuliza fundi. Fundi akasema, "Kazi yangu iliishia kwa mama." Wakaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema mambo ya kuzingua hayamo katika aliyosoma, wasimtie humo. Wakaenda kwa Jumbe, mkubwa wa mtaa, akasema mbuzi akizaliwa uani kwa mtu ni wa mtu huyo, na mtu huyo yupo, wamuulize. Mkunga aliwasikiliza wote wakiwa wamesimama mbali kidogo na ua.

"Mimi nimezalisha wanawake wenye kila ugonjwa," aliwaambia. "Sijatupa mtoto hata mmoja kwa sababu ya mama yake."

Hapo wakaondoka, na hakuna aliyeuliza tena.

Alikuwa na ukaidi ambao mtu mwingine angeuita dini. Mume wangu ni karani kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha, anarudi nyumbani Jumamosi moja inampita nyingine inamleta. Mzungu mmoja wa shamba hilo alipohama aliacha mbwa. Mbwa alifuata watu wa kwetu njia nzima mpaka Kisarawe, na nyumba za Waislamu zikamfukuza moja baada ya nyingine mpaka akafika kwa Mkunga. Huyu hakuwa na zinguo wala nini; alikuwa mbwa tu, na mguu mmoja aliuburuta. Akampokea. Mwalimu wa chuo alikuja kumwonya kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii.

"Mbwa analala nyuma, mwalimu," alimjibu. "Malaika wapite mlango wa mbele, nimeufagia."

Lakini alikuwa na chungu cha mchanga safi mlangoni, na kila mbwa alipomgusa kwa ulimi aliosha mahali pale mara saba, mara ya kwanza kwa mchanga, kama sheria inavyotaka. Mbwa alikuwa anampenda. Kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anaosha mkono siku nzima, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mbwa anatikisa mkia akisubiri amalize ili amlambe tena. Nilimwambia, "Bibi, si umfukuze tu?" Akasema, "Maji ni yangu, mchanga ni wa Mungu. Wewe kinakuuma nini?"

Wakati ule hakikuniuma kitu.

Sijui ni lini hasa mambo yaligeuka. Nilikuwa shule, kisha nikaolewa, kisha nikawa na mimba. Ninachojua ni kwamba hospitali ilipofungua chumba cha wazazi, wanawake walianza kwenda huko, kwanza wake za makarani, halafu wote. Na mimi nilikwenda huko. Sijuti, nilitokwa na damu nyingi, na bila hospitali sidhani kama ningekuwa naandika. Siku ya saba Mkunga alikuja na kanga yake safi, akaomba kumwona mtoto. Alimfunua, akakitazama kitovu muda mrefu, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Wamekata vizuri," alisema. Akamfunika, akaenda zake. Chai tuliyomwandalia hakuinywa.

Walioacha kumwita kwa uzazi hawakuacha kumpelekea kuku. Mlango wake uliendelea kubishwa, na kila ulipobishwa aliinuka, na kila alipofungua palikuwa na kamba na mnyama mwishoni mwake. Nafikiri baada ya muda hilo lilimtosha. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kilichofuata.

Maana aliacha kujua nani hajala. Mbuzi walikula makuti ya ua, wakamaliza, wakaanza ya paa lake mwenyewe. Paka walikuwa na matongo mpaka macho hayafunguki. Nilimwona mbuzi mmoja amejinyonga kwa kamba kwenye mti wa ua, mchana kweupe, na Mkunga anapita chini yake na sufuria ya pumba, anaita, "Safura, njoo mama," na Safura ndiye aliyekuwa ananing'inia. Nilimwambia. Alisema, "Amelala." Nikamshika mkono nikamwonyesha. Alisimama pale, akasema tena, kwa ukali safari hii, "Nimekwambia amelala, mbona mnapenda kuamsha amsha watu?" Nilimzika mimi yule mbuzi. Hakuna aliyetaka kunisaidia kumgusa.

Na mchanga wa pale ukavimba funza. Mifugo ikilala juu ya mchanga mkavu, bila kufagiwa, bila kumwagiwa maji, funza wanazaliwa kama pumba. Kichochoro ni hatua sita. Mtoto anayetambaa hajui hatua ya saba ni ya nani.

Nilikwenda kwa Jumbe mara mbili. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za baba Shabani, akaniuliza habari za mkonge. Mara ya pili alisema, "Mwanangu, mambo mengine huachwa mpaka yajiishie." Kuku wawili wa Jumbe walikuwa mle uani. Kila mtu alijua.

Siku kumi baada ya yale matusi, mguu wa Shabani ulivimba mpaka kifundoni. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, mwendo wa saa nzima, anachemka kama chungu. Dresa aliusafisha, akampiga sindano, kisha akaniita pembeni. Alikuwa kijana wa bara, asiyezungusha maneno.

"Dada, vidonda vya funza ndiyo mlango wa pepopunda. Umeshaona mtoto wa pepopunda?"

Nilisema sijaona.

"Usione. Ukimtoa funza leo akakanyaga mchanga ule ule kesho, unateka maji kwa pakacha. Waondoeni hao wanyama."

"Si wangu."

"Basi mwenyewe ashitakiwe. Bwana Afya yupo, ofisi ile pale, unaiona. Unasubiri nini?"

Nilikuwa nasubiri kuwa na uso. Mtu huwezi kumshitaki aliyekukata kitovu bila kumwambia kwanza. Nilirudi nyumbani, nikamlaza mtoto, nikajifunga kanga mbili kama mtu anayekwenda kuhani msiba, nikavuka kichochoro. Safari hii nilibisha.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, mke mwenzangu. Angalia Pumu yuko mlangoni."

Alikuwa amekaa kitandani, kitanda cha kamba, na chini yake mbuzi wanne. Harufu ile sitaielezea. Alikuwa amefunika miguu kwa kanga, na alipoona naitazama akaivuta zaidi. Nikaifunua. Hakunizuia, sidhani kama alikuwa na nguvu ya kunizuia. Nyayo zake hazikuwa nyayo tena. Nilikuwa na sindano kwenye kitambaa, mama yeyote wa mtaa ule alitembea nayo, nikakaa chini katikati ya mavi ya mbuzi nikaanza kumchokoa.

"Polepole, darasa la kumi. Huo si ubao wa kuandikia."

"Nyamaza, bibi."

"Mtoto hajambo?"

"Mguu umevimba. Dresa anasema inaweza kuwa pepopunda."

Alimpapasa mbuzi mmoja kichwani. Kisha akasema, "Pepopunda sinaye. Hawajaniletea bado." Akanitazama kuona kama nitacheka. Sikucheka.

"Bibi, nakwenda boma. Nakwenda kwa Bwana Afya waje wawaondoe. Nimekuja kukuambia mwenyewe ili usisikie kwa watu."

Nilitegemea anitukane, au alie. Alinishika bega, na mkono ule bado ulikuwa mzito, kweli.

"Usiende. Sikuombei wanyama, nakuombea wewe. Unamwona yule mweupe, mwenye sikio lililokatwa, kule kwenye kona?"

Nilimwona. Mbuzi mdogo, mbavu nje.

"Yule ni Degedege. Wa mwanao."

"Wa mwanangu nani?"

"Wa Shabani. Mama mkwe wako alimleta, wewe ukiwa hospitali na mtoto. Alibisha, akaondoka, lakini nilimjua kwa mwendo. Nimemlea tangu siku hiyo, na degedege haikumrudia mtoto wako, au imemrudia?"

"Haikumrudia. Alipigwa sindano."

"Sawa. Na mimi nimemshika mbuzi. Wakija watu wa boma wakamfungua, atakwenda wapi? Atakwenda kwao. Wote hawa watakwenda kwao. Unafikiri napenda kulala hivi? Mimi nikikohoa usiku najua nakohoa na mtaa mzima." Akavuta pumzi. "Sitaki kitoto kile kipate degedege kwa sababu bibi yake nilichoka."

Niliendelea kuchokoa. Nilisoma habari za mbu na homa, najua degedege inatoka wapi, naweza kuchora picha yake. Hata hivyo nilimtazama yule mbuzi wa kona, na mbuzi akanitazama, na moyo wangu ukarudi nyuma hatua moja. Nakiri. Ukarudi hatua moja, na hapo hapo nikaelewa jinsi Jumbe anavyolala, na mama mkwe, na wote: sote tulikuwa na mnyama mle ndani, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwacha mzee yule aliwe miguu badala yetu.

Jioni nilimuuliza mama mkwe. Hakukana. "Ulitaka nifanye nini?" alisema. "Ulikuwa umemchukua, hujasema atapona au hatapona. Nami nilikuwa na mbuzi mmoja." Kisha akalia, akanishika magoti, mtu mzima yule, akaniomba nisiende. "Nichukie mimi. Usimfungulie mtoto kitu kile."

Asubuhi nilikwenda. Nilimwacha Shabani kwa mama mkwe yule yule, mguu umefungwa bendeji, na sikugeuka kuwatazama.

Karani wa boma alikuwa na fomu yake na kalamu sikioni. "Mshitakiwa nani?" aliuliza.

"Niandike nani? Wenye wanyama ni wengi."

"Mama, wanyama wako kwa nani?"

"Kwa Mkunga."

"Basi mshitakiwa Mkunga. Faini atalipa yeye. Mtaa mzima hauwezi kusimama kizimbani, hapatoshi."

"Nipe kalamu," nikasema. "Na karatasi isiyo na mistari yenu. Nitaandika mwenyewe."

Alinitazama, akatazama mikono yangu, akanipa. Nakala ninayo. Niliandika hivi:

*Kwa Bwana Afya, Boma, Kisarawe.*

*Bwana,*

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini naleta mashitaka juu ya nyumba ya Mkunga wa mtaa wetu, ambamo kuna mbuzi, kuku, paka na mbwa mmoja kupita uwezo wa mtu mmoja kuwatunza. Wanyama hao wana njaa na wagonjwa, wengine wamekufa kwa kukosa matunzo. Mchanga wa pale umejaa funza. Mtoto wangu amelazimika kutibiwa hospitali ya hapa, na dresa atashuhudia.*

*Naomba uje mwenyewe uone. Naomba mchanga umwagiwe dawa na ua ufagiwe.*

*Pili, naomba Mkunga asitozwe faini. Wanyama wale si mali yake. Waliletwa na nyumba kumi na mbili za mtaa huu, na majina ya wenye nyumba nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, la kwanza likiwa la nyumba yetu na la pili la Jumbe. Ninawashitaki wote kumi na wawili kwa kutupa mifugo kwenye makazi ya mtu. Naomba kila nyumba iamriwe kumchukua mnyama wake na uzao wake, imfunge uani kwake, imlishe au imchinje, kama itakavyoona.*

*Tatu, Mkunga hawezi kutembea. Naomba machela.*

*Watu wanaogopa kuanza. Kwa hiyo nitatangulia. Mbuzi mweupe mwenye sikio lililokatwa ni wa mwanangu, na leo nikitoka hapa ninapita kumchukua. Utamkuta kwetu.*

*Ni mimi,*
*Mama Shabani*